Siku Mama Alipopanda Mlima Meru

Mimi nina ugonjwa wa kujua vitu ambavyo hakuna aliyeniuliza. Sijui niliutoa wapi, maana nyumbani kwetu, juu kidogo ya Kikatiti, hakukuwa na cha kusoma zaidi ya Biblia, kitabu cha nyimbo na kalenda ya ushirika wa kahawa. Lakini nikisikia jambo la ajabu ambalo pia ni la kweli, haliwezi kulala ndani yangu. Lazima nimwambie mtu, na mara nyingi namwambia asiyehusika, tena kwa wakati mbaya.

Kwenye msiba wa shangazi yangu, wazee wa ukoo walikaa wakijadili nani atabaki na sehemu ipi ya kihamba, lile shamba la ukoo. Mimi napita na sinia la chai, nikamsikia mmoja akisema, "Hii miti ya ndizi tuliipanda sisi." Nikasimama. Nikawaeleza kwa heshima zote kwamba mgomba si mti. Ni wa jamii ya majani, hauna ubao hata kidogo, na kile tunachokiita shina ni majani yaliyokumbatiana kwa nguvu. Mmoja wao akaniuliza kama ninamaanisha marehemu ametuachia nyasi. Mama yangu alikuwa kwenye kundi la wapishi, akasikia kila kitu, akasema neno ambalo amekuwa akiniambia tangu nikiwa shule ya msingi.

"Umeanza."

Kazi yangu ndiyo imeukuza huu ugonjwa. Nina mgahawa Kimandolu, Arusha mjini, sio mkubwa, napika makande, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, na ndizi nyama, na wateja wangu wengi ni waongoza watalii. Hao wanajua mambo! Wao ndio walioniambia kwamba pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe ambaye ukimwona unadhani ni sungura aliyenyimwa masikio, ndugu yake wa karibu ni tembo. Wao ndio walioniambia kwamba flamingo wa maziwa ya Momela hazaliwi na ile rangi ya waridi, anaipata kwenye chakula. Ila mimi simezi kila ninachopewa. Nina sharti langu: jambo lazima nilisikie kwa watu wawili wasiojuana, vinginevyo naliacha hapo mezani likapoe.

Mama naye ana ugonjwa wake, na wa kwake ni mkali kuliko wangu. Hawezi kusema uongo, hata ule mdogo wa kupendezesha maneno. Jumapili moja, kwenye mnada wa mavuno baada ya ibada, mnadishaji aliinua jogoo aliyetolewa na Mama akamsifu kwamba ni mchanga, nyama yake laini, anaiva maji yakichemka tu. Mama akasimama katikati ya watu wote wa usharika. Akasema, "Huyo ni mzee. Anataka jungu kubwa na subira." Watu walicheka mpaka mchungaji akafuta macho, na jogoo akanunuliwa na mtu ambaye sidhani kama alimhitaji.

Pamoja na ugonjwa huo, Mama alikuwa na sauti. Siwezi kuieleza bila kuonekana najisifia wa kwetu, lakini wageni waliokuja usharikani walikuwa wakigeuka kuangalia ilikotoka. Ndiyo iliyoniamsha asubuhi akikamua ng'ombe, ndiyo iliyonilaza, na hata aliponifokea alinifokea kwa sauti nzuri. Kisha ikaanza kukwaruza. Hospitali walimwambia ni umri, nyuzi za sauti zimechoka, na aipumzishe. Mama akaupokea ushauri huo kama anavyopokea ushauri wote. Alisema ataipumzisha akimaliza wimbo mmoja.

Wimbo wenyewe ulitungwa na mwalimu wa kwaya ya akina mama, mahususi kwa ajili yake. Kiitikio ni cha kwaya nzima, na katikati Mama anaimba peke yake kwamba leo amesimama kileleni mwa Meru, anaona kazi ya mikono ya Mungu, na kwaya inamjibu: amesimama kileleni, amesimama. Walikuwa wameamua kuurekodi na kuutengenezea video, kama kwaya zote siku hizi. Akina mama wakaenda studio mjini, kwenye chumba chenye trei za mayai ukutani, wakaimba sehemu zao zote vizuri kabisa. Ilipofika sehemu ya Mama, akavua zile spika za masikioni akazirudisha mezani.

"Hapa siimbi," alisema. "Wimbo unasema nimesimama kileleni. Mimi nimesimama kwenye trei za mayai."

Wakadhani ni utani. Kikao kikaitwa, nje ya kanisa, Jumapili iliyofuata, na mimi nikiwepo kwa sababu nilijua kitaharibika. Mpiga video alikuja, kijana mchangamfu wa Ngaramtoni, akamwamkia Mama shikamoo mara mbili kabla ya kuanza kumbembeleza.

"Bibi, wewe usihangaike kabisa. Unaimbia hapa hapa chini, mimi mlima nautafuta kwenye kompyuta, nakupachika juu yake. Mtu akiangalia anaapa ulikuwa huko. Hata theluji naweka ukitaka."

"Theluji ya nani?"

"Ya kupendezesha, Bibi."

"Mimi naamka na Meru kila siku ya Mungu. Siku ya theluji huko juu naijua na siku isiyo na theluji naijua. Wewe unataka nimdanganye Mungu, tena kwa noti za juu?"

Mwalimu wa kwaya akajaribu njia nyingine: je, kama angeimba tu kwamba anakitazama kilele? Hapo Mama angekubali. Lakini kwaya ilikuwa imeshaitikia kwamba amesimama, sauti zote ziko kwenye mashine, na kurudi studio upya hakukuwezekana. Mwenyekiti wa kwaya akapendekeza basi sehemu hiyo apewe mama mwingine wa kwaya, mwenye sauti nzuri tu na magoti mabovu sawasawa na ya Mama, ila yeye hana ugomvi na theluji. Wiki mbili, wakasema. Kama Mama hatabadili mawazo, yule mwenzake ataimba, na video itatoka kabla ya sikukuu ya mavuno.

Mama alisema sawa. Ndicho kilichoniudhi, alivyosema sawa kwa utulivu kama amekataa kikombe cha pili cha chai.

Nilimfuata mpaka nyumbani. Nilimwambia sauti yake inaondoka, na ikiondoka haitabaki popote, kwa sababu miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuirekodi zaidi ya sisi watoto wake kwa simu, na kwenye simu inasikika kama yuko ndani ya pipa. Nilimwambia nina binti wa miaka saba ambaye akikua atasikia tu habari za bibi aliyeimba. Nilipandisha sauti, najijua. Akanisikiliza, kisha akanionyesha mlango wa jikoni.

Pale chini kuna jiwe, au palikuwa na jiwe, kubwa kama mkate, la kijivu. Lilizuia mlango mbuzi wasiingie. Nimeliruka jiwe hilo tangu nilipojua kutembea, na habari zake nazijua kwa kichwa. Baba alikuwa mpagazi kabla hajaoa, akibebea wageni mizigo kwenda juu ya Meru. Alipomposa Mama alimletea jiwe lile kutoka kileleni kabisa, alilibeba mwenyewe juu ya mizigo ya watu. (Leo ukikutwa na jiwe la hifadhi kwenye begi utajieleza vizuri, lakini enzi hizo hakuna aliyemuuliza.) Wenzake walileta vitenge. Yeye alileta jiwe na ahadi: nitakupeleka mwenyewe uone nilipolitoa.

Kisha tukazaliwa sisi. Ikaja kahawa, wakaja ng'ombe, ikaja ada za shule, na magoti ya Mama yakaanza kulia. Baba akatangulia mbele za haki akiwa bado anasema mwakani.

"Baba yako aliniahidi kilele chenyewe," Mama alisema. "Sikwenda. Basi. Siwezi kusimama kwenye trei za mayai za mjini nikawaambia watu nilikwenda."

Niliondoka kwa bodaboda huku nalia, na dereva akaniuliza kama tumefiwa. Nikamwambia hapana, mama yangu ni mkweli. Akanipa pole hiyo hiyo.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha mchana, na mgahawani akaingia dada mmoja mwenye buti za tope na begi ambalo alipolitua sakafu ililia.

"Umebeba nini dada yangu, matofali?"

"Mawe."

"Unabeba mawe kuyaleta Arusha?"

Akacheka. Akaagiza loshoro, na nilipomletea akaniangalia usoni akaniuliza, "Wewe ni mzaliwa wa hapa hapa Meru, sio?"

"Umejuaje?"

"Meno."

Nilikaribia kumnyang'anya sahani. Meno yangu ni ya kahawia, kama ya wengi wetu tuliokulia maji ya huku, na utotoni wageni walitutania kwamba hatujui mswaki. Lakini hakuwa anatania. Alianza kunieleza habari za madini ya floraidi, jinsi maji yanavyoyachukua kwenye miamba ya volkano yakishuka, na jinsi meno ya mtoto yanavyoyahifadhi anapokua, na mimi nikamalizia sentensi yake. Hilo nilikuwa nalo siku nyingi, kutoka kwa watu watatu. Tukatazamana. Nilifurahi kama nimekutana na ndugu aliyepotea, maana nilijua nimepata mgonjwa mwenzangu.

"Basi unajua pia kwamba mlima wenu ulianguka," alisema.

Nilikuwa sijui. Nilivuta kiti nikakaa na kuacha maharage yangu motoni.

Akanieleza kwamba anasomea mawe chuo kikuu, na kazi yake ni kufuatilia mabaki. Zamani sana, maelfu ya miaka, Meru ulikuwa mkubwa kuliko huu. Siku moja upande wake wa mashariki ukabomoka wote, ukashuka na mawe na tope, ukaenda mbali mno, kuelekea miguuni mwa Kilimanjaro. Ndiyo maana ukiuangalia mlima kutoka upande ule unaona umekatwa, una kuta pande nyingine na mashariki uko wazi. Maziwa ya Momela yamekaa kwenye mashimo yaliyobaki kati ya vifusi. Na mara kwa mara mlima ulikuwa ukibomoka hivyo, pande hii na pande ile.

"Umewahi kuona vile vilima vidogo vya huko chini? Kimoja hapa, kimoja pale, kama kuna mtu alimwaga?"

"Kwetu kiko kimoja. Nyuma ya zizi."

"Kwenu wapi?"

"Juu ya Kikatiti."

"Basi inawezekana sana nyuma ya zizi lenu kuna kipande cha mlima."

Nikasikia harufu ya maharage. Sikuinuka. Nilimuuliza lile swali moja tu lililokuwa na maana kwangu, kwamba kilele nacho kilianguka? Alifikiri kidogo, na nilimpenda kwa kufikiri kwake. Alisema sehemu ya juu ilishuka pamoja na ubavu, lakini jiwe lipi lilikaa juu kuliko yote hakuna mtu awezaye kukuapia. Angeweza kusema tu kwamba kilima kama hicho hakikuota pale kilipo. Kilitoka juu. "Ukitaka kujua zaidi," alisema, "chukua jiwe la huko juu ulilinganishe. Livunje, uangalie ndani."

Wateja wa jioni hiyo walikula wali kwa mchicha, na hakuna aliyeambiwa kwa nini.

Nilikwenda kwa Mama Jumamosi. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, nikamwamkia, nikakaa, nikajizuia mpaka chai ikamiminwa. Kisha nikamwambia. Nilimwambia vizuri, taratibu, bila kuongeza chumvi, nikijua hakimu ninayesimama mbele yake.

"Umeanza," alisema.

"Mama, huyu ni mtu wa chuo kikuu."

"Sijabisha. Nakuuliza hivi: hicho kilima chetu ni kilele au ni ubavu?"

Mungu ananiona, nilitamani kusema kilele. Neno lilikuwa mdomoni. Ningelisema, Mama angeimba, na dunia ingeendelea kuzunguka. "Hakuna anayeweza kuapa," nilimjibu.

"Basi," akasema, akachukua ndizi nyingine.

Nikainuka kwa hasira, nikatoka kwa kasi, na kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kikagonga lile jiwe la mlangoni. Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Nilikaa chini nimekishika kidole, nalitukana lile jiwe kimoyomoyo, ndipo nikasikia maneno ya yule dada yakijirudia kichwani. Chukua jiwe la huko juu.

Nililinyanyua. Ni zito, lile. Nikaanza kuchechemea kuelekea nyuma ya zizi, Mama ananifuata na kisu chake mkononi akiuliza ninaupeleka wapi mlango wake, mbuzi wataingia. Kilima chetu si kitu cha kutisha. Nusu yake ni nyasi, juu kuna mkuyu mmoja ulioota kwa bahati, na chini, upande wa zizi, kuna mahali Baba alichimba mawe ya msingi wa nyumba. Nikachukua nyundo iliyokuwa zizini, nikachagua jiwe kwenye lile chimbo, nikalipiga mpaka likapasuka. Kisha nikalipiga lile la Baba kwenye kona, Mama akapiga yowe, kona ikaruka.

Ndani yalikuwa sawa. Yote mawili kijivu kile kile, na vipande vyeupe vidogo vinavyong'aa, kama vile mtu amemwaga chumvi ya mawe kwenye uji wa ulezi. Mama akanipokonya. Akalamba kidole, akasugua huku, akasugua kule, akayageuza juani. Alichukua muda wake. Nilikuwa nimesahau kidole changu.

"Huyu mwanamume," akasema.

"Nani?"

"Baba yako! Alibeba jiwe kutoka kule juu, na baridi lote lile, na mizigo ya wazungu mgongoni, analeta posa. Na mengine kama hili yamejaa nyuma ya zizi!"

Akaanza kucheka. Nimemwona Mama akicheka maisha yangu yote, lakini si hivyo. Alijishika mbavu, akakaa kwenye nyasi za kile kilima na meno yake yote ya kahawia nje, machozi yanamtoka, mpaka jirani akatokeza kichwa kwenye kahawa kuuliza kuna nini. Mama hakuweza kumjibu. Alimwonyesha tu mawe mawili, na jirani akacheka naye bila kujua anacheka nini. Na mimi nikacheka, kwa furaha tupu, kwa sababu nilijua tumeshinda.

Baadaye alinyamaza, akafuta macho kwa kanga. Kutoka pale unauona Meru vizuri, pamoja na ule upande uliokosekana.

"Jiwe la baba yako lilitoka kileleni," alisema. "Hilo alilishika kwa mkono wake, na hakuwa mwongo. Na hili ni ndugu yake. Mimi hilo linanitosha. Mungu akiwa na swali ataniuliza mwenyewe." Kisha akafikiri tena, maana ugonjwa haumwachi mtu hivi hivi. "Lakini siku ya kuimba nitalikanyaga la baba yako. Nisimame juu yake. Hapo hakuna wa kunibishia."

Wakaja Alhamisi, kwaya nzima, vitenge vya zambarau na vilemba vimefungwa kwa ushindani. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameelezwa na Mama mwenyewe, na alipofika aliinama akalishika lile jiwe kwa mikono miwili kabla ya kusema neno. Mpiga video alileta mtu wa sauti na maikrofoni yenye manyoya ya kuzuia upepo. Alikiangalia kilima, akauangalia mlima, akaniuliza pembeni, "Dada, kweli hapa ndipo?" Nikamweleza habari ya kuanguka tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuuliza tena kitu siku hiyo.

Kupanda hakukuwa mchezo. Kwa wewe na mimi ni dakika chache, lakini Mama alikuwa na magoti yake, na alikataa kubebwa. "Mlima haupandwi kwa kubebwa," alisema. Wenzake wakamzunguka, mmoja huku na mmoja kule, na yule mama aliyekuwa aimbe badala yake ndiye aliyemsukuma kwa nyuma, anahema na yeye. Walipumzika mara kadhaa, wakaimba wakipumzika, wakafika. Mimi nililibeba jiwe. Mama akachagua mahali pa juu kuliko pote, akanionyesha kwa kidole, nikaliweka. Akavua viatu, akalipanda.

Kisha akaimba.

Sauti ilikuwa na mikwaruzo, siwezi kudanganya, Mama atanisikia. Mwanzoni ilitetemeka. Lakini alipofika pale aliposema leo nimesimama kileleni aliifungua yote, hakubakiza hata kidogo ya kesho, ikapita juu ya migomba na mabati ikaenda zake. Akina mama wa kwaya waliokuwa wamepangwa nyuma yake wakasahau kutikisa mikono. Mtu wa sauti alifumba macho. Mimi nililia waziwazi, sikujificha, na sikutafuta kitambaa.

Na katikati ya noti ya mwisho, ile ndefu, ikasikika sauti ya mbuzi kutoka nyumbani, ameinua koo kwa raha zake.

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba jiwe la mlango lilikuwa chini ya miguu ya Mama. Mbuzi wote walikuwa jikoni. Nilishuka mbio kuwafukuza, nikakuta ndizi zilizomenywa kwa ajili ya mtori wa kwaya zimeliwa, imebaki sufuria tupu, na beberu amepanda juu ya mfuko wa unga kama mwenye nyumba. Kwaya ilikula mahindi ya kuchoma siku hiyo, na parachichi, na haikulalamika.

Mtu wa sauti alimwomba Mama arudie, kwa sababu ya yule mbuzi. Mama akamwambia hakuna cha kurudia, alichokuwa nacho ametoa. "Na mbuzi kweli alikuwepo," akaongeza.

Kwa hiyo yumo. Video ipo, watu wanaiangalia, na anayesikiliza vizuri atamsikia. Mama sasa anakaa benchi la tatu kanisani na kuwafuatisha wengine kwa mdomo tu, bila sauti. Jiwe tuliliacha kule juu, Mama alisema limesharudi kwao, na mlango wa jikoni tunauzuia kwa gogo.

Juzi binti yangu aliiangalia video kwenye simu yangu, tuko jikoni kwa Mama, mimi na Mama tunamenya ndizi. Aliirudia ile sehemu ya kusimama kileleni. Kisha akamwangalia bibi yake, akayaangalia magoti yake, akamuuliza kama kweli alifika juu ya mlima.

"Nilifika," Mama alisema. "Babu yako alinipeleka."

Na mimi, ambaye siwezi kuacha jambo lipite bila kulinyoosha, nikaendelea kumenya ndizi.